Haki na Ruhusa: Bunduki Mbele ya Sheria ya Uganda

Haki na ruhusa ni maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo mapema, na wengi huyatumia kana kwamba ni mapacha. Ruhusa huombwa. Aliyeitoa aweza kuiwekea masharti na muda, na aweza kuitwaa tena. Haki haiombwi, hudaiwa, na anayemnyima mwenzake haki ndiye anayepaswa kujieleza. Mwanafunzi huomba ruhusa ya kutoka darasani, lakini hana haja ya kuomba ruhusa ya kutopigwa na wenzake.

Makala haya yanaifuata tofauti hiyo katika historia ya kitu kimoja, yaani bunduki, hapa Uganda. Tutaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba tangu enzi ya ukoloni hadi leo, sheria imeihesabu bunduki ya mtu binafsi kuwa jambo la ruhusa. La pili ni kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kuwa na bunduki ana haki ambazo hakuziomba kwa yeyote, na mabishano makubwa ya kisheria ya miaka 20 iliyopita yamehusu haki hizo. Kwa msomaji wa Kakoba, mjini Mbarara, au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, somo hili liko karibu sana na maisha. Wengi wetu tuliijua bunduki kabla ya kuijua sheria yoyote inayoihusu.

Bunduki ilivyofika na sheria ilivyoifuata

Neno bunduki limetufikia kutoka Kiarabu, pamoja na wenziwe baruti na risasi. Hilo la mwisho bado lina maana mbili katika Kiswahili: ni madini mazito ya rangi ya kijivu, na ni kile kinachotoka mtutuni. Maneno haya yalisafiri na misafara ya biashara kutoka pwani. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna wa Buganda mnamo 1844, na katika miaka iliyofuata nguo, shanga na bunduki zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na, kwa huzuni ya historia yetu, kwa watumwa.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi latitudo 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa hazikuruhusiwa kuingizwa ila kwa masharti. Silaha zilizoingizwa zilipaswa kuwekwa katika maghala yaliyosimamiwa na serikali. Mtu binafsi aliyekubaliwa kubeba bunduki ya kisasa alipewa kibali chenye jina lake na alama iliyopigwa kwenye silaha yake. Kibali hicho kilidumu miaka 5, kiliweza kuhuishwa, na kiliweza kufutwa iwapo silaha ilitumiwa vibaya. Jina la mtu, alama ya silaha, muda maalumu, uwezekano wa kunyang'anywa: mambo hayo manne ndiyo mifupa ya sheria ya silaha hata leo.

Watu wa Buganda na wa Ankole hawakuulizwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, kwani wawinda watumwa walitegemea bunduki. Hata hivyo masharti hayo yaliziachia serikali za kikoloni silaha zilizo bora, na wakubwa wa ukoloni hawakusita kuzigawa pale walipoona faida. Mwezi Januari 1892, katika vita vya Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda, Kapteni Frederick Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, naye mwenyewe akatumia bunduki ya rashasha. Silaha iliyokatazwa kwa wengi ilikuwa hoja ya mwisho mikononi mwa wachache.

Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 uliandika jambo hilo kwa hesabu. Wengi hukumbuka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Kando yake ilikuwapo kodi ya bunduki, nayo rupia 3 kwa mwaka, kwa kila mtu aliyemiliki au kutumia bunduki au bastola. Kisha zikafuata fadhila kwa wakubwa: Kabaka alipewa leseni 50 bila malipo kwa ajili ya watu wa nyumba yake, Namasole, mama wa Kabaka, alipewa 10, na kila mmoja wa mawaziri alipewa 20. Mwaka uliofuata Mkataba wa Ankole uliitia nchi ya Mugabe Kahaya chini ya utawala huohuo, na Mbarara ikaendelea kukua kama kituo cha serikali na cha askari wake.

Tazama jinsi ngazi ilivyopangwa. Mkulima alilipa. Waziri alisamehewa hadi silaha 20. Kabaka mwenyewe alihesabiwa, maana hata leseni 50 za bure ni leseni, na aliyezitoa alikuwa mwingine. Tangu siku hiyo hakuna mtu binafsi katika nchi hii aliyebeba bunduki kwa haki yake mwenyewe mbele ya sheria.

Sheria ya 1970 na bunduki za serikali

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Sheria ya Silaha za Moto tunayoitumia leo ilitungwa mwaka 1970, na katika mkusanyiko mpya wa sheria za Uganda ni Sura ya 320. Zamani ilikuwa Sura ya 299. Msingi wake ni sentensi moja yenye maana hii: mtu yeyote haruhusiwi kununua, kupata au kuwa na silaha ya moto au risasi, isipokuwa ana cheti halali kwa kila silaha. Msimamizi mkuu wa vyeti hivyo ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Mwombaji hutazamwa tabia, akili na sababu yake ya kutaka silaha. Anayepatikana na silaha bila cheti hutenda kosa linaloweza kumpeleka gerezani miaka mingi.

Ni vyema kutua kwenye maneno "mtu yeyote". Sheria haikusema "mwananchi yeyote". Katazo linamhusu mwenyeji na mgeni, tajiri na maskini, mkimbizi na mwenye hati ya kusafiria. Vilevile haikusema "mwenye bunduki" peke yake. Imesema mtu aliye nayo. Anayemwekea jirani mzigo chini ya kitanda akijua kuna bastola ndani yake, mbele ya sheria ana bastola.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Januari 1971, jeshi lilipindua serikali ya Milton Obote na Idi Amin akashika madaraka. Sheria ya 1970 ilibaki vitabuni. Lakini ilikuwa imetungwa kwa ajili ya bunduki za watu binafsi, na bunduki zilizowaua watu katika miaka iliyofuata zilikuwa za serikali.

Mbarara ililijua hilo mapema. Mwezi Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na Robert Siedle aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, walikuja Mbarara kuuliza habari za mauaji ya askari wa Kiacholi na Kilango katika kambi ya Kikosi cha Simba. Hawakurudi. Jaji David Jeffreys Jones wa Mahakama Kuu alipewa kazi ya kuchunguza. Aliikamilisha ripoti yake akiwa amekwisha kuondoka Uganda, na ndani yake alisema wawili hao waliuawa na maofisa wa kikosi hicho. Hapa palikuwa na jaji, ushahidi na hukumu ya maneno; hapakuwa na mtu wa kuwakamata wenye bunduki.

Mwezi Septemba 1972 wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliishambulia Mbarara, wakashindwa. Mwezi Februari 1979 jeshi la Tanzania na Waganda walioungana nalo waliuteka mji, nao ukaharibiwa vibaya kwa mizinga. Amin alipoanguka mwezi Aprili mwaka huo, askari wake walikimbia na kuacha maghala wazi. Huko Moroto, kaskazini mashariki, wafugaji wa Karamoja walijichukulia maelfu ya bunduki kutoka kambini. Hivyo nchi ambayo mwaka 1900 ilihesabu bunduki kwa leseni moja moja ilijikuta haijui tena ziko ngapi wala zi mikononi mwa nani.

Nakivale: mahali ambapo bunduki huachwa mlangoni

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya nchi yao. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kikawa daraja la wengi wao sokoni na shuleni.

Sheria ya wakimbizi ina neno lake kuhusu silaha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unazitaka nchi zinazopokea wakimbizi kuwaweka umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka. Tena unazikataza kuwaacha wakimbizi waishambulie nchi yoyote mwanachama, hasa kwa silaha. Mwaka 2002 Kamati ya Utendaji ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ilitoa azimio namba 94 lenye fundisho hilohilo: makazi ya wakimbizi ni mahali pa raia, wenye silaha wapokonywe na watengwe, na mpiganaji hawezi kufikiriwa kuwa mkimbizi mpaka ameachana na vita kwa dhati na kwa kudumu. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamtaka mkimbizi azitii sheria za nchi.

Historia ya Ankole inaonyesha kwa nini masharti haya yaliandikwa, na pia jinsi yanavyoweza kushindwa. Mwezi Oktoba 1982, Wanyarwanda na watu waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa kutoka mashamba na nyumba zao katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo. Maelfu kwa maelfu walisukumwa kurudi katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo, au kuvuka mpaka. Wakati huo tayari vijana wengine wa Kinyarwanda walikuwa msituni na jeshi la Yoweri Museveni, lililoanza vita tarehe 6 Februari 1981 huko Kabamba likiwa na bunduki 27. Baada ya kufukuzwa kule, wengi zaidi walijiunga. Tarehe 1 Oktoba 1990 wana wa wakimbizi, wengi wao wakiwa wamekulia magharibi mwa Uganda na kutumikia jeshi la Uganda, walivuka mpaka wakiwa na silaha na kuanza vita vya Rwanda. Mtu aliyenyimwa ulinzi wa sheria hutafuta ulinzi mahali pengine. Methali yetu husema mwenye nguvu mpishe. Lakini jamii inayoishi kwa methali hiyo hulea watu wanaoitafuta nguvu kwa kila njia.

Kuzihesabu upya

Tangu mwaka 2000 nchi za Afrika Mashariki zimejaribu kurudisha hesabu iliyopotea. Tarehe 15 Machi 2000 zilitoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na tarehe 21 Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi, ambayo inazifunga kisheria. Itifaki inataka kila bunduki, ya serikali au ya mtu binafsi, iwe na alama na iandikwe katika daftari. Mwanafunzi makini ataona kuwa wazo la alama na jina lilikuwa tayari Brussels mwaka 1890. Tofauti ni kubwa, kwa kuwa safari hii walioandika ni wenyeji, na bunduki ya serikali nayo inahesabiwa.

Huko Karamoja serikali ilianza kukusanya silaha mwezi Desemba 2001, kwanza kwa hiari na kisha kwa nguvu. Mwaka 2006 jeshi lilirudia kazi hiyo kwa kuvizingira vijiji na kupekua, na malalamiko ya mateso yakasikika. Mwezi Julai 2021 ilianza operesheni nyingine, iliyopewa jina la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Jina hilo ni zuri kwa zoezi la sarufi, maana kihusishi "kwa" ndicho kinachobeba ahadi yote. Mfugaji anayeisalimisha bunduki yake leo anataka kujua nani atawalinda ng'ombe wake kesho ikiwa jirani hakusalimisha ya kwake. Serikali ikishindwa kulijibu swali hilo, bunduki hurudi.

Mjini nako hofu ilikuwa ya namna yake. Tarehe 17 Machi 2017 ofisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi aliuawa kwa risasi, na tarehe 8 Juni 2018 akauawa mbunge wa Arua, Ibrahim Abiriga. Siku chache baadaye Rais Museveni alilihutubia Bunge na kutaja hatua ambazo zingechukuliwa, mojawapo ikiwa kuzichukua "alama za vidole" bunduki zote nchini. Maneno hayo ni sitiari. Bunduki haina vidole, ila kila mtutu huacha mikwaruzo yake kwenye risasi, na mtaalamu aweza kulinganisha risasi iliyookotwa na bunduki iliyoandikishwa. Tangu hapo wenye vyeti na kampuni za ulinzi walitakiwa kuzipeleka silaha zao zipimwe.

Mahakama ipi?

Sasa tumefika kwenye kiini. Mtu akikamatwa na bunduki bila cheti, nani amhukumu?

Kwa Sheria ya 1970 jibu ni jepesi: mahakama za kawaida. Lakini Sheria ya Jeshi ya 2005, katika kifungu cha 119, iliwatia chini ya mahakama za kijeshi hata watu wasio askari wanaopatikana na silaha ambazo kwa kawaida ni za jeshi peke yake. Silaha moja, basi, ilikuwa na milango miwili. Mlango mmoja ulikuwa na hakimu asiye na cheo cha jeshi. Mwingine ulikuwa na maofisa waliovaa sare, walioteuliwa na wakubwa wao wa jeshi.

Hapa lugha yenyewe inatutaka tuwe waangalifu. Neno raia lina maana mbili katika Kiswahili: ni mwananchi wa nchi fulani, na ni mtu asiye askari. Mkimbizi wa Nakivale si raia wa Uganda kwa maana ya kwanza, lakini ni raia kwa maana ya pili. Kwa hiyo swali la raia katika mahakama ya kijeshi linamgusa sawasawa na mzaliwa wa Kakoba.

Mwezi Novemba 2005 mwanasiasa Kizza Besigye alishtakiwa kwa uhaini katika Mahakama Kuu. Tarehe 16 Novemba, washtakiwa wenzake walipopewa dhamana, watu wenye silaha waliizingira mahakama hiyo jijini Kampala. Kisha yeye na wenzake wakafunguliwa mashtaka ya ugaidi na ya kuwa na silaha kinyume cha sheria mbele ya Mahakama ya Kijeshi. Chama cha Wanasheria cha Uganda kilikwenda Mahakama ya Katiba, nayo mwezi Januari 2006 ikasema kwamba kesi hiyo ya kijeshi ilikiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Januari 2009 Mahakama ya Upeo, ambayo ndiyo ya mwisho nchini, ikaikataa rufaa hiyo. Hata hivyo raia waliendelea kupelekwa mbele ya maofisa wa jeshi.

Mwaka 2016 mbunge wa Nakawa, Michael Kabaziguruka, alishtakiwa huko, naye akapinga. Tarehe 1 Julai 2021 Mahakama ya Katiba ilikubaliana naye kwa kura nyingi. Serikali ilikata rufaa tena, na utekelezaji wa hukumu ukasimamishwa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Upeo, chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, ilitoa hukumu: kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida. Hoja yake ilisimama juu ya ibara ya 28, inayompa kila mshtakiwa haki ya kusikilizwa na mahakama huru isiyoelemea upande wowote, na juu ya ibara ya 44, inayosema kwamba haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote.

Mambo hayakuishia hapo. Tarehe 20 Mei 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Jeshi, na mwezi uliofuata Rais akayatia saini. Marekebisho hayo yanawarudisha raia mbele ya mahakama za kijeshi katika hali zilizoitwa za pekee, na kuwa na silaha za jeshi bila idhini ni mojawapo. Wanaoyatetea husema kwamba sasa wenyeviti wa mahakama hizo lazima wawe wanasheria wenye sifa za juu, na kwamba bunduki ya kivita mikononi mwa mhalifu si kosa la kawaida. Wanaoyapinga husema kwamba sifa za mwenyekiti haziondoi tatizo, maana jeshi linabaki kuwa mlalamikaji, mpelelezi na hakimu kwa wakati mmoja. Ubishi huo umekwisha kurudi mahakamani, na mwanafunzi wa uraia anapaswa kuufuatilia.

Angalia yaliyobishaniwa katika kesi hizi zote. Hakuna aliyesimama kudai haki ya kumiliki bunduki. Katiba ya 1995 haina haki hiyo. Ina hata katazo, katika ibara ya 208, la mtu kuunda jeshi nje ya Katiba. Kilichodaiwa ni haki ya mtu kuhukumiwa kwa uadilifu, hata kama kosa analotuhumiwa linatisha.

Jirani zetu na ng'ambo

Majirani wetu wanafuata njia hiyohiyo ya ruhusa. Kongo ina sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015, na Kenya ina Sura ya 114 ya sheria zake.

Marekani, ambako jamaa za watu wengi wa Nakivale wamehamishiwa, huanzia upande wa pili. Rekebisho la pili la Katiba yake, la mwaka 1791, linaitaja silaha kuwa haki ya watu, na mwezi Juni 2022 mahakama yake ya juu iliifuta sheria ya jimbo la New York iliyomtaka mtu aonyeshe sababu maalumu kabla ya kupewa kibali cha kutembea na bastola. Hapa kwetu mwombaji hutoa sababu. Kule serikali ndiyo inayotakiwa kutetea makatazo yake. Mwenye kusafiri na asiiache tofauti hii nyuma, kwa sababu hata huko kila jimbo lina masharti yake, na kosa la silaha laweza kumgharimu mgeni ukaazi wake.

Yatupasayo kuyajua

Kwanza, cheti cha silaha ni cha mtu mmoja na silaha moja. Hakirithiwi wala hakiazimwi. Anayefiwa na ndugu aliyekuwa na bunduki halali aipeleke polisi, asiiweke kama kumbukumbu. Anayeokota bunduki, risasi au bomu shambani asiliguse. Amwite mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Pili, hata mwenye kuomba ruhusa ana haki. Ibara ya 42 ya Katiba inasema kwamba kila anayefika mbele ya ofisi ya umma atendewe kwa haki na usawa, na aweza kwenda mahakamani kuupinga uamuzi wa ofisi hiyo. Ofisa aweza kukunyima cheti au kukifuta. Hawezi kufanya hivyo kwa chuki au kwa hongo kisha akasema ndiyo sheria.

Tatu, anayekamatwa anabaki kuwa mtu. Ibara ya 23 inataka aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na haki yake ya kuwa na wakili anayemtaka. Inataka pia afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ibara ya 28 inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe, na inampa mkalimani bila malipo asipoifahamu lugha ya mahakama.

Wasomaji wangu, someni tena masharti hayo ya lugha. Katika nchi hii Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi kutoka vinywani mwa askari, na wazee wengi wa Uganda hukikumbuka kama lugha ya amri: simama, lala chini, toa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukifanya lugha rasmi ya pili. Mkongo wa Nakivale anayeshtakiwa mjini Mbarara aweza kusimama na kusema kwa Kiswahili fasaha, "Sijaelewa ninaloshtakiwa, naomba mkalimani." Ametumia neno "naomba" kwa adabu tu. Mbele ya Katiba, anadai.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo manne ya kibali cha silaha cha mwaka 1890 yanayoonekana pia katika sheria ya leo.
2. Eleza maana mbili za neno raia, kisha utunge sentensi moja kwa kila maana.
3. Je, silaha ya kivita mikononi mwa raia ni sababu ya kutosha ya kumpeleka mbele ya mahakama ya kijeshi? Toa hoja za pande zote mbili.
4. Mfugaji wa Karamoja ameombwa aisalimishe bunduki yake. Mwandikie barua ya aya mbili, au uandike jibu lake.